Kujazia Sanduku la Safari: Kifaacho na Kisichofaa

Mtu ye yote aliyefika Maua, katika mitelemko ya milima ya Nyambene, ameona jinsi miraa ifungwavyo. Vijiti huchumwa, hufungwa vifungu kwa nyuzi za mgomba, kisha vifungu hivyo huviringishwa ndani ya majani mabichi ya mgomba na kutiwa katika magunia au maboksi. Halafu magari madogo huyakimbiza mpaka Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 250, na kutoka uwanja wa ndege wa Wilson mzigo huvuka kwenda Somalia. Zamani maboksi mengi yalifika London pia, mpaka Uingereza ilipoipiga miraa marufuku mwezi wa Juni 2014. Uholanzi ilikuwa imekwisha kuizuia tangu Januari 2013. Somalia nayo iliifunga njia mwezi wa Machi 2020, wakati wa maradhi ya korona, ikaifungua tena Julai 2022. Faida ya miraa na madhara yake si somo letu leo, ingawa kila mtu ajua kwamba humwondolea mlaji usingizi na hamu ya chakula. Tunalotaka kulitazama ni lile jani la mgomba.

Kwa nini wafungaji wa Maua hutumia jani hilo, wala si gazeti, wala si nyasi kavu? Dawa iliyomo katika miraa, iitwayo kathinoni, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitambua mwaka 1975, huanza kupungua mara kijiti kikatwapo na kunyauka. Baada ya siku mbili hivi mnunuzi haitaki tena. Basi adui wa miraa njiani ni ukavu. Jani bichi la mgomba lina maji mengi, tena uso wake una nta ambayo huzuia unyevu usitoroke upesi. Ni laini, halichubui kijiti, na kati ya jani na jani hewa hupita kidogo. Mzigo uliofungwa kabisa katika plastiki jasho lake halina pa kutokea; hupata joto, ukaoza. Mtu wa kwanza aliyeviringisha miraa katika jani hakusoma vitabu vya sayansi, lakini alijiuliza swali lililo sahihi: kitu hiki kitaharibiwa na nini njiani?

Sasa chukua jani lile lile ulitie katika sanduku la majani ya chai. Katika milima hiyo hiyo ya Nyambene viko viwanda vya chai vya Michimikuru na Kiegoi. Chai itokapo kiwandani ina unyevu mchache sana, kiasi cha sehemu 3 katika 100, nayo ina kiu: hunywa maji yaliyo hewani na kushika harufu ya kila kilicho jirani yake. Ndiyo sababu zamani chai ilisafirishwa katika masanduku ya mbao nyembamba yaliyotandikwa ndani karatasi ya madini, na siku hizi hutiwa katika magunia ya karatasi yenye tabaka kadha wa kadha ili iufikie mnada wa Mombasa ikiwa kavu. Jani bichi la mgomba likiwekwa humo, chai itapata ukungu. Mlinzi wa miraa ni mwuaji wa chai.

Kwa hiyo yule asemaye, "Nina nyasi nyingi nyumbani, nitajazia nyasi," ameanza mahali pasipofaa. Kwanza ajue adui wa mali yake, ndipo atafute kijazio cha kumzuia.

Adui aharibuye mali nyingi kuliko wote ni kishindo. Tuseme sanduku limeponyoka mikononi mwa mchukuzi kutoka kimo cha mita 1. Litakapogusa chini litakuwa na mwendo wa kilomita 16 hivi kwa saa. Likifika sakafuni husimama ghafula, na huko kusimama ghafula ndiko kunakovunja. Yai lenye uzito wa gramu 60 likisimamishwa katika nafasi ya sentimita 1 tu, hubanwa kwa nguvu iliyo karibu mara 100 ya uzito wake, yaani kama kuwekewa kilo 6 mgongoni. Lakini likipewa sentimita 5 za kusimama polepole, nguvu hiyo hushuka mpaka karibu mara 20, kiasi cha kilo 1 na robo. Hesabu yenyewe ni rahisi: gawanya kimo cha kuanguka kwa nafasi ambayo kijazio hubonyea.

Hapa watu wengi hukosea. Hesabu hiyo haisemi juu ya unene wa kijazio. Yasema juu ya kadiri kinavyobonyea. Nyasi zilizoshindiliwa kwa mguu mpaka zikawa ngumu kama ubao zaweza kuwa nene sentimita 10, nazo zisibonyee hata nusu sentimita. Mwenye sanduku huona amejaza vizuri, kumbe amejenga ukuta. Na yule atiaye kijazio kidogo, kikalegea, ana hasara nyingine: vitu vyake hukimbia ndani ya sanduku na kugongana vyenyewe kwa vyenyewe, kabla hata sanduku halijaanguka. Kijazio chema huvishika vitu visicheze, lakini ukikibonyeza kwa kiganja hurudi mahali pake kama godoro zuri.

Yai lina dawa yake, na dawa hiyo ina hadithi. Katika mwaka 1911, huko Kanada, mkulima mmoja na mwenye hoteli walikuwa wakigombana juu ya mayai yaliyofika yamevunjika. Mhariri wa gazeti la mahali hapo, Joseph Coyle, alisikia ugomvi huo akabuni kasha la karatasi lenye vyumba, kila yai chumba chake. Trei za karatasi tuzionazo katika maduka yetu, zenye mayai 30 kila moja, zafuata wazo hilo hilo. Shimo la trei hulishika yai pande zote, na karatasi yake iliyosagwa na kukaushwa hubonyea kidogo kabla ya kupasuka. Trei 12 zikipangwa moja juu ya moja huwa mayai 360, na uzito wa trei za juu huchukuliwa na kuta za karatasi, wala si na mayai ya chini. Yai na likae ncha yake nyembamba ikiwa chini, kwa maana ile nafasi ya hewa iliyomo ndani yapasa kuwa juu. Trei iliyolowa maji usiitumie, hata ikikauka baadaye, kwa sababu nguvu zake zimekwisha. Kisha juu ya trei ya mwisho, na pembeni pote kati ya trei na sanduku, tia kijazio. Trei zenyewe zikiachiwa nafasi ya kuteleza, kazi ya vyumba ni bure.

Sasa tuvitazame vitu vipatikanavyo katika nchi ya Meru na Embu.

Majani makavu ya mgomba yapo kila shamba, wala hayauzwi. Yakikaushwa vizuri ni mepesi, hubonyea, na ukiyakunja-kunja hushika sufuria, vyungu na bilauri vizuri sana. Yakaushwe juani mpaka yalie yakikunjwa. Jani lililo kavu nje na bichi katikati huleta ukungu kwa siku mbili. Liko jambo jingine ambalo kila mwenye migomba yampasa alijue. Katika mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uletwao na bakteria ulionekana Uganda, na tangu hapo umeingia katika nchi kadha za Afrika ya Mashariki, pamoja na sehemu za magharibi ya Kenya. Ugonjwa huo husafiri kwa visu, kwa wadudu, kwa miche, na pia kwa majani ya mgomba yafunikiwayo ndizi katika malori. Basi kata majani katika migomba iliyo mizima tu. Na wewe upokeaye mzigo, majani yaliyokuja nao usiyatupe shambani kwako kuwa mbolea, yachome.

Nyasi kavu nazo zafaa kwa vyombo vya udongo na vya chuma, lakini mbegu, chawa wa mimea na udongo hupanda sanduku pamoja nazo. Maganda ya mahindi na magunzi ni mabaya zaidi mahali pa chakula. Wakulima wa Tanzania hawajamsahau dumuzi, yule mdudu wa mahindi waliyempa jina la Scania. Kwao ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora karibu na mwaka 1980, na toka hapo akasafiri ndani ya mizigo ya mahindi nchi kwa nchi. Hutoboa mahindi, hutoboa muhogo, hata mbao za sanduku hazimshindi.

Kumvi za mpunga zapatikana kwa wingi kwenye vinu vya Mwea, ambako kilimo cha mpunga wa kumwagilia kilianza katika miaka ya 1950. Hazinywi maji upesi, hazina harufu, wala haziozi upesi. Kosa lake ni moja: hutiririka kama mchanga. Lori likitikisika juu ya barabara mbovu, kumvi hujipenyeza chini, na chupa iliyokuwa imesimama katikati huinama polepole mpaka iguse ubao. Wenye akili huzitia katika vifuko vidogo vya kitambaa, wakavishona midomo, kisha wakavipanga kama mito kuzunguka chupa. Vifuko hivyo hutumika safari nyingi.

Kwa seremala twapata vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Maranda, yaani vipande vyembamba vilivyojikunja vitokavyo kwenye randa, ni kijazio kizuri, kwa sababu kule kujikunja kwake ndiko kunakofanya kazi ya godoro. Unga wa mbao utokao kwenye msumeno ni mambo mengine kabisa. Ni mzito, hushindiliwa na mtikisiko mpaka ukawa mgumu, na vumbi lake huingia katika kila ufa. Usiutie kamwe karibu na saa, redio au simu. Lakini hunywa maji vizuri, na kwa sababu hiyo tabaka yake nyembamba chini ya chupa za asali au mafuta itameza kilichovuja kabla hakijaharibu mizigo ya wengine. Yote mawili yanuse kwanza. Mbao zenye harufu kali huipa chai, siagi na unga harufu hiyo hiyo, wala haitoki.

Magazeti ya zamani ni rahisi na safi, bora ufinyange kila ukurasa kuwa tufe lisilokazwa sana. Ila wino wake hushika, kwa hiyo vitambaa vyeupe na vyakula vizungushiwe karatasi tupu kwanza. Tena karatasi huchoka. Ikilaliwa na kitu kizito kwa siku mbili hubaki bapa, na sanduku lililofungwa kwa kukazana Maua hufika Mombasa likichezacheza. Kwa vitu vizito ni afadhali kukata katoni kuu kuu, ile karatasi ngumu yenye mawimbi ndani, ukafanya vyumba vya kutenga kitu na kitu.

Yafaa niseme neno juu ya zile karatasi za plastiki zenye mapovu ya hewa, ambazo watoto hupenda kuzipasua. Wavumbuzi wake, Alfred Fielding na Marc Chavannes wa jimbo la New Jersey huko Marekani, walikuwa mwaka 1957 wakitafuta kutengeneza karatasi ya kupambia kuta za nyumba. Hakuna aliyeitaka ukutani. Miaka michache baadaye iligunduliwa kwamba yafaa kulindia mashine zisafirishwazo, na mpaka leo ndiyo kazi yake. Ni nyepesi, haipitishi maji, na haina vumbi. Kwa saa, simu na vyombo vya kioo hakuna kilicho rahisi kuliko hiyo. Kwa matunda na mboga haifai, maana haivuti pumzi. Wako pia waliozoea kujazia mifuko ya plastiki ya dukani. Wakumbuke kwamba tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku katika Kenya, na faini yake ni shilingi milioni 2 mpaka milioni 4. Hakuna sahani yenye thamani hiyo.

Uzito wa kitu nao hubadili shauri. Kijazio kinachofaa kwa bilauri hakifai kwa chupa ya asali. Asali ya Tharaka, ambayo sifa yake yajulikana, ina uzito wa karibu kilo 1.4 kwa kila lita, yaani kuliko maji. Weka chupa sita za namna hiyo juu ya nyasi laini, nazo zitazama mpaka chini kabla ya gari kufika Meru mjini. Hapo yatakiwa kijazio kigumu kidogo: vyumba vya katoni, maranda yaliyokazwa, au vile vifuko vya kumvi. Kitu chepesi kwa upande wake chataka kijazio laini, kwa sababu uzito wake hautoshi kukibonyeza kijazio kigumu. Ukimfungia yai na asali katika sanduku moja, utakuwa umemfungia mbuzi na chui. Asali haina kosa, ni uzito wake tu.

Matunda ni viumbe vinavyopumua hata baada ya kuchumwa. Maembe ya nchi ya chini ya Embu na maparachichi ya Meru hutoa joto na mvuke, na pia gesi iitwayo ethilini, ambayo tunda lililoiva huitoa na kuyaivisha mengine. Tunda moja lililoiva au kupondeka laweza kuliivisha sanduku zima njiani. Basi chagua kwanza, ndipo ufunge. Maembe yaache yatoe utomvu wake kwa kulaza vikonyo chini, kwa sababu utomvu huo huunguza ganda na kuacha madoa meusi. Kijazio chake kiwe kikavu na chenye kupitisha hewa, kama vile karatasi iliyokatwa nyuzi-nyuzi au maranda yasiyo na harufu, na yale matundu ya ubavuni mwa boksi yasizibwe. Nimeona katika soko watu wakitandika majani mabichi mazito juu na chini ya maparachichi, wakidhani wanayapoza. Kwa saa chache ni kweli. Kwa safari ya siku mbili wanayapika.

Mambo haya si mageni katika pwani yetu. Katika mwaka 1998 yalionekana mabaki ya chombo kilichozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, yapata mwaka 830. Kilikuwa chombo cha namna ya Waarabu, mbao zake zimeshonwa kwa kamba kama mtepe wa Lamu, nacho kilikuwa kimepakia vyombo vya udongo vya China kiasi cha 60,000. Mabakuli mengi yalikuwa yamepangwa ndani ya mitungi mikubwa, moja likilala juu ya jingine kwa mzunguko, yamebanana yasiweze kucheza. Baada ya miaka zaidi ya elfu moja chini ya bahari, mengi yalitoka mazima. Vigae vya mabakuli ya namna hiyo hiyo, kutoka tanuri za Changsha, vimefukuliwa Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu. Kwa hiyo wafanya biashara wa bahari yetu walikula katika vyombo vilivyovuka nusu ya dunia kwa sababu mfungaji mmoja huko mbali alijua kazi yake.

Atakaye kupeleka mzigo nchi za ng'ambo na ajihadhari na mambo mawili. Nyasi, majani, na kila kitu cha mmea ambacho hakikutengenezwa, huweza kukataliwa bandarini na kuchomwa pamoja na mzigo wenyewe, kwa hofu ya wadudu na magonjwa. Na mbao za sanduku lenyewe zina sheria yake: tangu mwaka 2002 iko kanuni ya mataifa isemayo kwamba mbao za kufungia mizigo sharti zipashwe joto la digrii 56 mpaka kiini chake kwa muda wa dakika 30, au zitiwe dawa iliyokubaliwa, kisha zipigwe muhuri. Kabla hujapigilia msumari wa kwanza, nenda ukaulize kwa wakaguzi wa afya ya mimea wa KEPHIS.

Kufunga kwenyewe kufanywe hivi. Chagua sanduku linalozidi kitu chako kwa sentimita 5 au zaidi kila upande. Tandika kijazio chini kwanza, uweke vitu vizito, vyepesi juu, kila kimoja kimezungushiwa chake, wala kioo kisigusane na kioo. Pembe za sanduku zijazwe kuliko mahali pengine, kwa kuwa sanduku lianguke vyo vyote, mara nyingi huanguka kwa pembe. Jaza mpaka kifuniko kiwe na kazi kidogo ya kufunga. Kisha litikise karibu na sikio lako. Ukisikia sauti yo yote, lifungue.

Kama mzigo ni wa thamani, au utapeleka mingi ya namna moja, fanya jaribio la gharama ndogo: funga sanduku moja kama utakavyoyafunga yote, ulishike kwa kimo cha kiuno, uliachilie juu ya udongo mgumu, mara moja kwa kitako, mara moja kwa ubavu, mara moja kwa pembe. Lifungue uone. Yai moja lililovunjika nyumbani ni afadhali kuliko trei nzima Nairobi.

Mwisho, isome risiti ya basi au ya lori, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Nyingi zimeandikwa kwamba mzigo wachukuliwa kwa jukumu la mwenyewe, na maana yake ni kwamba kikivunjika hulipwi. Andika juu ya sanduku kwa herufi kubwa upande upi ni wa juu, uandike pia jina la mpokeaji kwenye karatasi nyingine uitie ndani, kwa sababu maandishi ya nje hufutwa na mvua. Na mpokeaji aambiwe alifungue sanduku pale pale ofisini mbele ya karani, kabla hajatia sahihi.